Mama Aliyengoja Kuulizwa

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Mlio nje kivulini sogeeni madirishani, leo sitapaza sauti. Nina habari ya mama mmoja na kipande chake cha bustani, na ningependa tuisikilize hadi mwisho kabla hatujaanza kumhukumu.

Palikuwa na mama mmoja mjane, katika nchi kavu kama hii yetu, nchi ambayo mvua ni mgeni wa kuchelewa kufika na kuondoka bila kuaga. Watu walimwita Mama Ndahani, kwa jina la mwanawe wa pekee. Alikuwa mama mwema. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani nawasimulia habari ya mchawi. Alikuja kanisani, alizika na watu, alipika kwenye misiba. Na katika ujana wake hapakuwa na mwanamke pale kijijini aliyemshinda kwa bustani ya nyuma ya nyumba.

Ninyi mnajua bustani ya nchi kavu ilivyo. Haianzi na mvua. Huanza kabla, wakati ule upepo wa vumbi unapopungua na migunga inaanza kutoa majani mabichi, ilhali ardhi bado ni ngumu kama kigae. Nani huiambia migunga kwamba mvua iko njiani? Mimi sijui. Lakini Mama Ndahani alikuwa akiiona inachipua, siku ileile anachukua jembe. Alipogoa mpera wake, akakata matawi makavu na yale yanayosongana. Alichimba matuta. Si matuta ya kuinuka kama ya nchi za mvua, la. Yake yalizama chini kama bakuli, ili tone likidondoka lisipate pa kukimbilia. Alitia samadi ya mwaka uliopita, iliyokwisha kuoza na kupoa. Alifunika udongo kwa nyasi kavu ili jua lisiuone. Halafu akangoja. Na mvua ya kwanza ilipokuja, watu wote wakitoka mbio na mbegu, yeye alipanda kiganja kimoja tu. Alikuwa akisema, "Hii ni ya kuoshea vumbi. Ya kupandia bado haijafika." Zilizobaki alizirudisha kwenye kibuyu, akaziba kwa majivu, mpaka mvua ya pili.

Basi mumewe akafariki. Magoti nayo yakaanza kumsumbua. Bustani akaiacha, ikawa mahali pa kuku kujichimbia. Ndahani alikuwa fundi wa umeme, anazunguka na kazi, na kazi ikamfikisha Kagera, kule kwenye migomba na mvua isiyojua kupumzika. Aliporudi, alirudi na mke.

Jina lake Kemilembe. Kemi, kama walivyomwita nyumbani. Binti mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa kufunika mdomo. Mama yake mzazi alikuwa amefariki miezi michache kabla ya harusi, na harusi yenyewe ikafanywa ndogo, harakaharaka, kulekule. Mama Ndahani aliarifiwa mambo yamekwisha. Hakuulizwa.

Hapo, ndugu zangu, ndipo mwiba ulipoingia. Mwiba mdogo. Hakumwambia mtu. Alimpokea mkwe wake kwa vigelegele, akamchinjia jogoo, akamwonyesha chumba. Lakini moyoni alikuwa akijisemea, "Mwanangu wa pekee ameoa, na mimi nimehesabiwa kama jirani." Je, hakuwa na haki ya kuumia? Alikuwa nayo. Ila kidonda cha haki nacho, kisipooshwa, huoza kama vidonda vingine.

Siku moja walikuwa wanakula, Kemi akatazama nje, kwenye uwanja mkavu, akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka kwao, "Kwetu, mama, bustani haijui kukauka. Ukitupa mbegu, ukigeuka nyuma imeshaota."

Alikuwa anamlilia mama yake, masikini. Lakini Mama Ndahani alisikia nini? Alisikia, "Nchi yenu si kitu." Masikio ya mtu aliyeumia husikia kile ambacho moyo umekwisha kukiandaa.

Ikafika ile miezi. Migunga ikaanza kuchipua. Kemi, ambaye sasa alikuwa na ujauzito mchanga, akaenda nyuma ya nyumba, akaona alama za matuta ya zamani zilizofutika. Akarudi, akachuchumaa karibu na mama mkwe wake aliyekuwa anapepeta ulezi.

"Mama, hapa nyuma palikuwa bustani?"

"Zamani," akajibu.

"Mlikuwa mnapanda nini?"

"Vitu vya huku."

"Naomba nipalime, mama. Nikikaa bure nawaza sana."

"Palime tu, mwanangu. Kila mtu na mkono wake."

Kila mtu na mkono wake! Neno zuri, sivyo? Halina tusi ndani yake. Ungelisikia ungesema, mama mkwe gani huyu mpole, anampa binti uhuru. Lakini Mama Ndahani alijua alichokuwa anakifanya. Alikuwa anafunga mlango kwa tabasamu.

Basi Kemi akashika jembe. Alilima kama alivyofundishwa na mama yake, katika nchi ambayo adui wa bustani ni maji mengi. Akainua matuta, marefu, mazuri, yamechongwa pembeni kama vitanda vya hospitali. Mama Ndahani akakaa barazani na ungo wake akitazama. Alijua kwamba matuta yale yangemwaga maji yote pembeni, na jua lingeyakausha kutoka pande zote. Alijua. Mkono wake ukasita kwenye ungo. Akajiambia, "Akiniuliza nitamwambia."

Kemi akaenda kwa mfugaji wa jirani, akaleta samadi mbichi, bado ina joto la zizini, akaichanganya na udongo. Mama Ndahani akajua kwamba katika jua lile samadi ile ingechoma mizizi. Akajiambia tena, "Akiniuliza."

Jirani yake wa ng'ambo ya ua, mama mmoja aliyekuwa rafiki yake tangu usichana, alipita akaona matuta. Akasimama, akashika kiuno.

"Mama Ndahani, wewe unayaona haya?"

"Nayaona."

"Mbona humwambii mkweo?"

"Hajaniuliza."

Yule rafiki akasema, "Shoga yangu, huyo mtoto hajui kwamba hajui. Sasa atauliza nini?"

"Kwao ndiko kwenye bustani," akajibu Mama Ndahani, "mimi nani nimfundishe?"

Rafiki akatikisa kichwa akaenda zake. Na yeye, ndugu zangu, tusimwache hivihivi. Yeye naye alikuwa na mdomo. Ua lilikuwa fupi. Angeweza kupaza sauti, "Binti, subiri." Lakini mambo ya nyumba ya watu, nani anayataka?

Mvua ya kwanza ikaja mchana mmoja kwa kishindo. Bati likapiga kelele, vumbi likatoa ile harufu yake tunayoipenda, watoto wakatoka uchi barabarani. Kesho yake asubuhi Kemi akatoka na kibuyu kidogo alichokuja nacho kutoka kwao. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, karibu na miguu ya mama mkwe wake, akakifungua, akamimina kwenye upande wa kanga.

Yalikuwa maharage. Mama Ndahani alikuwa ameona maharage ya kila namna, lakini yale hakuwahi kuyaona. Ya zambarau iliyokolea, na kila punje ina doa jeupe ubavuni, kana kwamba mtu alishika punje mojamoja akaitia chokaa kwa ncha ya kidole.

"Ni ya mama," Kemi akasema. "Alikuwa nayo yeye tu, alipewa na bibi yake. Aliyaanika mwenyewe kabla hajazidiwa. Akaniambia, popote utakapoolewa, uyapande, na wanao wayale."

"Ni mazuri," akasema Mama Ndahani. Na hapo alisema kweli.

Kemi akanyanyuka, akashika pindo la kanga, akaenda bustanini. Akaanza kupanda. Mama Ndahani akatazama. Tuta la kwanza likajaa. La pili. Kanga ikawa inapungua uzito. Akafika la tatu, na binti hakurudisha hata punje moja kwenye kibuyu. Alikuwa anapanda yote. Mbegu zote za marehemu, kwa mvua ya kuoshea vumbi.

Moyo wa yule mama ukaruka. Nataka mlione hili. Hakuwa jiwe. Alisimama, magoti yakilia, akashika nguzo ya baraza, akaita, "Kemi!"

"Abee, mama!"

Binti akageuka, mkono una udongo, uso umejaa furaha, furaha ya kwanza tangu aje katika nyumba ile. Na Mama Ndahani akamwona akicheka vile, akakumbuka harusi aliyoarifiwa. Akakumbuka "kwetu bustani haijui kukauka." Kila kitu kilimjia kwa wakati mmoja, na neno lililokuwa linatoka likapoteza njia.

"Chungu kinafurika jikoni," akasema.

Kemi akakung'uta mikono, akakimbia jikoni. Chungu hakikuwa kinafurika. Kilikuwa kimetulia kabisa. Akakipunguzia moto hata hivyo, kwa heshima, akarudi akamaliza kupanda.

Je, inachukua pumzi ngapi kusema, "Mwanangu, bakiza nusu"? Pima mwenyewe hapo ulipokaa. Ni fupi kuliko "chungu kinafurika jikoni."

Maharage yakaota. Loo, yaliota vizuri, siku chache tu, yakatoa shingo zake zilizopinda na majani mawilimawili. Kemi aliyaangalia asubuhi na jioni. Kisha mbingu ikafunga. Ninyi mnaijua hali hiyo: mawingu yanapita juu kama watu wanaokwenda sokoni, hayakusalimii. Jua likashuka mpaka mabegani. Matuta yale ya kuinuka yakapasuka. Kemi akabeba maji kutoka bombani, ndoo kichwani, na ujauzito wake, akamwagilia. Maji yakateremka ubavuni mwa tuta yakapotea. Samadi nayo, chini kule, ikaanza kazi yake. Majani yakageuka njano pembeni, yakakunjamana, yakawa kama karatasi iliyopitiwa na moto.

"Pumzika, mwanangu, utajiumiza," alikuwa akisema Mama Ndahani kutoka barazani. Mnaona? Sasa mdomo ulikuwa umefunguka. Maneno ya huruma yalikuwa mengi.

Hata ua moja halikutoka. Kabla ya Noeli yote yalikuwa yamekufa. Na asubuhi moja Mama Ndahani aliamka akamkuta mkwe wake amepiga magoti kwenye tuta, anachakura udongo kwa vidole, tuta hadi tuta.

"Unatafuta nini, Kemi?"

"Labda ipo moja ambayo haikuota, mama." Hakuinua kichwa. "Moja tu. Moja ingetosha."

Haikuwepo. Zilikuwa mbegu nzuri, ndiyo shida yake. Ziliota zote.

Mama Ndahani akamshika bega. "Pole, mwanangu. Ndiyo nchi yetu ilivyo. Ardhi hii ni ngumu."

"Kumbe ni ardhi," akasema Kemi.

"Ni ardhi," akasema mama mkwe.

Ardhi haina mdomo wa kujitetea. Ikabeba lawama.

Kuanzia hapo yule binti akanyamaza. Hakugomba, hakununa, alitimiza kazi zote. Lakini kile kicheko cha kufunika mdomo hakikusikika tena. Na Ndahani alipopata kazi ya kudumu Shinyanga, akamuuliza mkewe kama angependa kubaki na mama mpaka ajifungue, Kemi alijibu haraka mno. "Twende wote." Mama Ndahani alikuwa chumba cha pili akasikia ile haraka. Alikuwa ameota ndoto za mjukuu kukua pale uani. Wakafunga mizigo, wakamuaga kwa adabu zote, na nyumba ikarudi kuwa ya mtu mmoja.

Mtoto akazaliwa kule, wa kike. Mama Ndahani alikusudia kwenda, magoti yakakataa. Alikusudia tena. Wakati mwingine ni magoti, wakati mwingine ni aibu, nayo aibu ikishika magoti hakuna dawa ya kuchua. Alipofika hatimaye, mjukuu alikuwa tayari anatembea.

Akapokelewa kama malkia. Kemi alimpigia magoti, "Shikamoo, mama," akamtilia maji ya kuoga, akampa kiti chenye mto. Asubuhi yake ndipo alipotoka nyuma ya nyumba, akasimama.

Ilikuwa ile miezi. Shinyanga nayo ni kavu, hamhitaji kuambiwa. Lakini pale nyuma palikuwa na bustani. Matuta yamezama chini kama bakuli. Lundo la samadi ya zamani pembeni, nyeusi, imepoa, imefunikwa magunia. Mpera mdogo umepogolewa. Na Kemi ameinama, anatandaza nyasi kavu juu ya udongo, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Kila kitu kilikuwa kama mikono yake yeye, Mama Ndahani, ilivyokuwa ikifanya miaka ile. Isipokuwa haikuwa mikono yake.

Akakaa kwenye kigoda. "Umejifunza wapi haya, mwanangu?"

"Kwa mama," akajibu Kemi bila kugeuka.

Kwa mama? Dakika moja, dakika moja tu, Mama Ndahani akadhani ni yeye.

"Mama Limi," Kemi akaendelea. "Yule wa nyumba ya pili, aliyekuja jana kukusalimia. Wiki ileile tuliyofika alinikuta nimeinua tuta, akaninyang'anya jembe! Hata hatujajuana majina. Akaniambia, 'Wewe mtoto, unataka kuua mbegu?' Nilikasirika, mama. Nililia. Halafu akakaa chini na mimi mpaka jioni." Akacheka kidogo, akafunika mdomo kwa kiganja chenye vumbi. "Sasa mtoto anamwita bibi."

Kemi akachukua fungu jingine la nyasi.

"Siku moja akaniuliza, 'Mama mkwe wako, huko mlikotoka, hakukuonyesha?' Nikamwambia, hapana, mama hakuwa anajua. Bustani ile ilikuwa ya marehemu baba. Au sivyo, mama?"

Ndugu zangu, mimi sijui kama Kemi aliyaamini maneno yale. Mumewe alikuwa amekua anakula mchicha wa bustani ile. Labda alikuwa amemwambia. Labda binti alijua kila kitu, na pale alikuwa anamtandikia mama mkwe wake mkeka wa kukalia, ili asiaibike. Kuna watu wenye mioyo ya namna hiyo. Mkeka ulikuwa umekwisha kutandikwa. Alichotakiwa Mama Ndahani ni kukaa tu. Angesema, "Ndiyo, ilikuwa ya baba," wangekunywa chai, na dunia isingejua kamwe.

"Ilikuwa yangu," akasema. "Nilijua."

Mikono ya Kemi ikasimama.

"Nilijua matuta yako hayafai. Nilijua samadi ile ni ya moto. Nilijua mvua ile si ya kupandia."

"Hata siku ile ya mbegu za mama?"

"Hata siku ile. Nilikuita."

"Nakumbuka. Ukasema chungu kinafurika." Binti akageuka sasa, akamtazama. "Nilikwenda nikakikuta kimetulia. Nikawaza, mama ananionea huruma na jua hili, anataka niingie kivulini."

Hiyo ilimchoma yule mama kuliko tusi lolote.

"Kwa nini, mama?"

"Nilitaka uniulize," akasema Mama Ndahani, na sauti yake ikawa ndogo. "Ndahani hakuniuliza. Nilitaka mmoja wenu aje aniulize."

Kemi akakaa chini, palepale kwenye udongo. "Nilikuuliza, mama," akasema polepole. "Nilichuchumaa karibu yako. Nikakuuliza mlikuwa mnapanda nini. Ulisema vitu vya huku."

Kuku walikuwa wanalia uani kwa jirani. Kemi akautazama udongo ule mweusi, laini, uliofunikwa nyasi, akasema kama mtu anayeongea peke yake, "Hapa yangezaa."

Kisha akafanya nini? Akanyanyuka, akanawa mikono, akaja akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamshika miguu. "Yamekwisha, mama," akasema. "Nimekusamehe. Twende ukanywe uji." Na alikuwa amesamehe kweli. Hata leo wanapigiana simu, hata leo Kemi humtumia vitenge.

Lakini msikilize huyo mama baada ya pale. Aliporudi kwake, hakutulia. Aliwatuma watu Kagera, kwenye kijiji kile. Nyumba ya marehemu ilikuwa imepata watu wengine. Wakawauliza ndugu, majirani, wanawake wa sokoni: maharage ya zambarau yenye doa jeupe ubavuni? Wazee wakakumbuka, "Ee, alikuwa nayo yule mama." Alikuwa nayo yeye tu. Walimletea maharage mengine, mazuri, ya rangi nyingi, kwa nia njema. Aliyamwaga kwenye ungo akayapekua punje kwa punje. Hayakuwemo.

Msamaha aliupata. Mbegu hakuipata. Na hivi viwili, ndugu zangu, tusivichanganye. Sisi tunapenda kufikiri kwamba tukisamehewa, kila kitu hurudi. Hapana. Mungu hufuta dhambi. Lakini kile kilichokufa kwa sababu ya dhambi hiyo, mara nyingi tunakaa nacho, kimekufa, mpaka uzee. Yule mtoto wa kike atakua, na hatayala maharage ya bibi yake.

Sasa niambieni. Mama huyu alimpiga mkwe wake? Hakumpiga. Alimtukana? Alimwibia? Alimsengenya kwa majirani? Hata hilo hakulifanya. Ukimpeleka kwa wazee wa kanisa, mtamfungulia shauri gani? Hakufanya kitu. Ndicho alichokifanya.

Na mimi nimewaona mkitikisa vichwa. Nimewasikia akina mama wa upande huu mkisema "mh!" kwa uchungu. Vizuri. Basi tuache kumtazama yeye, tutazamane sisi.

Sisi hatumjui kijana aliyeingia kundi baya hapa kijijini, tunamwona kila jioni, tunasema "ana wazazi wake"? Sisi hatuijui ndoa changa inayochongwa vibaya tangu tuta la kwanza, nasi tuliopitia njia hiyohiyo tunasema "kila mtu na mkono wake"? Wageni wanaohamia hapa kwetu, hawajui kisima gani kina chumvi, hawajui mwezi gani homa inakuja, tunawaangalia tu tuone kama watadumu. Muumini mpya anakuja na moto wake wote, anataka kufunga, kukesha, kumwaga mbegu zake zote siku moja, na sisi wazee wa imani tunaojua kwamba kuna ukame mbele, tunakonyezana. Tunasema, "Tutamwona mwakani."

Tunayo majina mazuri ya jambo hili. Tunasema, "Sipendi kuingilia mambo ya watu." Tunasema, "Mimi si msemaji." Kinyongo tumekivika kanzu ya adabu, tukakiketisha kiti cha mbele kanisani. Na mwenzetu akianguka, mbona tunafika mapema hivyo? Mbona maneno yako tayari? Ukiona pole yako ilikuwa imeiva kabla ya msiba, jiulize ulikuwa unangoja nini.

Wengine mtasema, "Mchungaji, nikimwambia atakasirika." Atakasirika, ndiyo. Kemi alikasirika na akalia siku ile Mama Limi alipomnyang'anya jembe. Leo mtoto wake anamwita nani bibi?

Ulichokijua hukukinunua. Uliteseka ukakipata, au ulikuta mtu aliyekuhurumia akakuonyesha. Hakikuwa chako cha kuficha. Na aliyeumia kwa kutoulizwa, kama yule mama, simwambii kidonda chake si kidonda. Namwambia tu asiwe daktari wa kujitibu kwa kuangalia bustani ya mwingine ikikauka.

Basi leo sitawaomba msimame kuimba. Kila mmoja wetu ana mtu mmoja ambaye tangu nianze kusema uso wake unamjia, naye anajitahidi kuuondoa. Usiuondoe. Labda bado ana mbegu mkononi. Labda zimekwisha kufa, na kilichobaki ni wewe kwenda kukataa ule mkeka aliokutandikia. Migunga imeanza kuchipua hapo nje, nimeiona nilipokuwa nakuja. Hatuna siku nyingi. Mlango uko wazi. Anayejisikia kwenda sasa hivi, kabla ya baraka, na aende. Hatutasema amekatisha ibada.